BABU, BIBI NA WAJUKUU: TUISOME BAHARI PAMOJA

Umemaliza kisomo. Sasa unaweza kusoma barua, kuandika jina lako na kupiga hesabu ya mazao yako. Hongera sana. Lakini wazee wengi wakishafika hapo hutuuliza: "Sasa niandike nini? Barua zenyewe siku hizi watu wanapiga simu." Wengine huongeza kwa unyonge: "Mjukuu wangu yuko darasa la tano. Mwenye elimu ni yeye. Mimi nitamfundisha nini?"

Leo tunataka kujibu maswali hayo mawili kwa pamoja. Mzee ana macho yaliyoona mengi. Mjukuu ana mambo mapya aliyoyapata shuleni. Ninyi wawili sasa mna kalamu. Mkikaa pamoja mkatazama dunia, mkaandika mnachokiona, kazi hiyo inaitwa sayansi. Si lazima uwe na nyumba ya vioo na madawa. Sayansi inaweza kufanyika pwani, uani na jikoni.

Tutaeleza kazi nne ambazo babu au bibi anaweza kuzifanya na mjukuu. Mwishoni tutaonyesha jinsi elimu ya namna hii ilivyookoa maisha ya maelfu ya watu mwaka 2004. Kwa hiyo usidhani tunazungumza mchezo wa watoto.

KWA NINI TUMECHAGUA FERI

Mifano yetu mingi tumeitoa Feri, Dar es Salaam. Feri ni pale Magogoni, kwenye mlango wa bandari. Hapo watu hupanda pantoni kuvuka kwenda Kigamboni. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016, lakini watu wengi bado huvuka kwa pantoni. Kando yake pana soko kubwa la samaki. Samaki wanaouzwa hapo asubuhi hufika Kariakoo na mitaa mingine kabla ya mchana.

Wazee wengi wa vijijini hufika mjini kuwatembelea watoto wao. Wakishafika hukaa ndani wakitazama ukuta. Kumbe mwendo mfupi tu wa daladala upo mahali ambapo bahari, jua, mwezi na samaki wote wanafundisha bure.

Na wewe msomaji uliyeko Tabora, Songea au Sengerema, usiweke gazeti chini. Katika kila kazi tutasema namna ya kuifanya kijijini kwako.

VIFAA NA MASHARTI

Tafuteni vitu hivi: daftari moja, kalamu, kijiti kilichonyooka chenye urefu wa mita 1, sahani bapa, bakuli, chumvi na yai moja bichi. Basi.

Masharti ni manne.

Kwanza, mtoto akiwa karibu na maji, mkono wake uwe ndani ya mkono wa mtu mzima. Mlango wa bandari una mkondo mkali. Hata anayejua kuogelea asijaribu hapo.

Pili, msisimame njia ya magari na mikokoteni. Kaeni kando.

Tatu, maji ya bandarini ni machafu. Yatazameni, lakini msiyanywe wala msiyaonje.

Nne, mzee asimwambie mtoto "nyamaza", na mtoto asimwambie mzee "wewe hujui". Kila swali lijibiwe kwa maneno matatu: KISIA, TAZAMA, ANDIKA. Kwanza kila mmoja akisie jibu. Halafu mtazame wenyewe. Halafu muandike mlichokiona, hata kama ni tofauti na mlivyokisia.

KAZI YA 1: KUPWA NA KUJAA

Mtu wa bara akifika pwani mara ya kwanza hushangaa. Asubuhi aliacha mitumbwi imelala mchangani. Alasiri anakuta inaelea. Maji yametoka wapi?

Namna ya kufanya:

1. Simameni kando ya gati, mahali salama, mtazame mteremko wa zege ambapo pantoni hufunga. Maji yakiwa yamejaa, pantoni husimama juu ya mteremko, na abiria hutembea hatua chache tu. Maji yakipwa, pantoni husimama chini sana. Hapo mtawaona wasukuma mikokoteni wakitoka jasho kupanda.

2. Chagueni alama moja isiyohama, kama nguzo au ngazi. Andikeni maji yamefika wapi na saa ngapi.

3. Rudini baada ya saa 3, na tena baada ya saa 6. Andikeni tena.

4. Fanyeni hivyo kwa siku 15, hata kama ni mara moja tu kwa siku. Usiku tazameni mwezi, mwandike umbo lake: mwandamo, nusu, au mpevu.

Kurasa za daftari zigawanywe sehemu nne: Tarehe. Mwezi ulivyo. Saa maji yalipojaa. Saa yalipopwa.

Mtakachoona: maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kila siku. Toka kujaa mpaka kupwa ni kama saa 6 na robo. Tena saa hizo hazikai mahali pamoja. Kila siku husogea mbele kwa karibu dakika 50. Leo yakijaa saa 10 alasiri, kesho yatajaa karibu saa 11 kasoro.

Mtaona na jambo la pili. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Wazee wa pwani huita maji hayo BAMVUA. Pwani ya Dar es Salaam maji ya bamvua hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, yaani kama kimo cha nyumba. Mwezi ukiwa nusu, maji husogea kidogo tu, kama mita 1. Hayo huitwa MAJI MAFU.

Hapa ndipo mzee anapotoa hazina yake. Mvuvi mzee wa Magogoni haangalii karatasi. Anajua kwamba siku za bamvua maji ya Dar es Salaam hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Mama anayeokota chaza au kutafuta pweza anajua hivyo hivyo, kwa kuwa ndiyo riziki yake. Waulize. Muandike.

Na hapa ndipo mjukuu anapotoa yake. Shuleni amefundishwa kwamba mwezi unaivuta dunia. Maji ya bahari, kwa kuwa ni laini, hufuata mvuto huo. Hujikusanya upande ulioelekea mwezi, na upande wa pili wa dunia pia. Dunia inapojizungusha, sisi tunapita kwenye mikusanyiko yote miwili. Ndiyo maana maji hujaa mara 2. Lakini mwezi nao haukai. Unatembea. Dunia inahitaji kama dakika 50 zaidi kuufikia. Ndiyo maana saa husogea.

Na bamvua? Jua pia linavuta, ingawa kwa nguvu ndogo. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, jua na mwezi na dunia huwa katika mstari mmoja. Wawili wakivuta kamba pamoja, kamba inakuja. Mwezi ukiwa nusu, mmoja anavuta huku na mwingine kule. Ndiyo maji mafu.

Uliye mbali na bahari: Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho, maana ziwa ni dogo mno mbele ya bahari. Lakini mwezi unao. Baada ya mwezi mpevu, kaeni uani jioni mwandike mwezi umechomoza saa ngapi. Kesho yake mwandike tena. Mtakuta unachelewa kwa karibu dakika 50 kila siku. Halafu mpigieni simu ndugu aliyeko Dar es Salaam, awaambie maji yalijaa saa ngapi. Mtakuta dakika zenu na zake zinakaribiana. Mmepima bahari mkiwa kijijini!

KAZI YA 2: KIVULI CHA KIJITI

Simikeni kijiti cha mita 1 mahali pa wazi. Kisimame wima kabisa. Kuanzia saa 5 mchana mpaka saa 8, kila nusu saa, wekeni kijiwe pale ncha ya kivuli ilipofika. Onyo: msilitazame jua lenyewe kwa macho. Linaharibu macho. Kivuli kinatosha.

Mtaona kivuli kinafupika, kinafika mwisho wake, halafu kinaanza kurefuka upande wa pili. Kile kivuli kifupi kuliko vyote kinaonyesha adhuhuri ya kweli ya mahali penu. Dar es Salaam huwa si saa 6 kamili. Huwa dakika kadhaa baada ya saa 6, kwa sababu saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa jua la mashariki zaidi, huko baharini.

Sasa pimeni kivuli hicho kifupi kwa rula ya mtoto. Mwezi Juni mwishoni, kijiti cha mita 1 pale Feri hutoa kivuli cha adhuhuri cha kama sentimita 58, nacho huelekea kusini. Mwezi Desemba mwishoni hutoa sentimita 30 hivi, nacho huelekea kaskazini. Kwa nini kimegeuka? Kwa sababu Juni jua limehamia kaskazini, na Desemba limehamia kusini. Kivuli hukimbilia upande wa pili.

Basi lazima ziwepo siku ambazo jua linapita juu ya utosi, na kijiti hakina kivuli kabisa. Dar es Salaam siku hizo ni karibu na tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba. Mtwara ni karibu na tarehe 22 Februari na tarehe 20 Oktoba. Mwanza ni katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Tafuteni siku ya kijiji chenu, muiandike. Hiyo ni siku ya kumwambia mjukuu: "Mume wangu, njoo uone. Leo nimekuficha kivuli chako!"

Mzee Mwislamu haoni ugeni hapa. Anajua kwamba adhuhuri huingia jua likishapinduka. Anajua pia kwamba alasiri huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wa kitu hicho, ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri. Saa za ukutani zilikuta kijiti kinafanya kazi. Mjukuu akiambiwa hivyo, ataona kwamba hesabu za shuleni na desturi za nyumbani si maadui.

KAZI YA 3: CHUMVI NA YAI

Mtoto huuliza: bahari ina chumvi, mvua hutoka baharini, mbona mvua haina chumvi? Swali zuri. Tusimfukuze. Tumwonyeshe.

Namna ya kufanya:

1. Chukueni kikombe kimoja cha maji ya bahari, robo lita. Kijijini, koroga kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji safi.

2. Mimineni kwenye sahani bapa. Wekeni juani, mbali na kuku na mbuzi. Usiku ingizeni ndani.

3. Kila siku andikeni maji yamebaki kiasi gani.

Baada ya siku chache sahani itakuwa kavu, na chini yake mtaona chembe nyeupe. Mkizitazama kwa makini mtaona nyingi zina pembe nne. Ndiyo chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Lakini ile ya bandarini msiile, kwa sababu uchafu nao umebaki pale pale.

Jibu la swali limeonekana. Jua lilichukua maji, likaacha chumvi. Maji yaliyopanda angani ni maji matupu. Ndiyo yanayorudi kama mvua. Mashamba ya chumvi ya Bagamoyo na Lindi hufanya kazi hii hii, ila sahani zao ni kubwa. Na ndugu wa Kigoma mnajua Uvinza. Huko chumvi haitoki baharini. Inatoka katika chemchemi za maji ya chumvi, na watu wameipika huko kwa zaidi ya miaka 1,000.

Sasa yai. Jazeni bakuli maji safi. Tumbukizeni yai bichi, jipya. Linazama. Toeni yai, wekeni chumvi kijiko kimoja, korogeni, rudisheni yai. Endeleeni kijiko kwa kijiko. Kila mmoja akisie: litaelea katika kijiko cha ngapi? Mwisho yai litapanda lenyewe.

Kwa nini? Kila kitu ndani ya maji husukumwa juu na maji. Maji yenye chumvi ni mazito kuliko maji matupu, kwa hiyo yanasukuma kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana chombo kikitoka baharini na mzigo ule ule kikaingia mtoni, kinadidimia zaidi kidogo. Nahodha asiyejua hilo anaweza kukwama.

Bibi ataongeza: "Hata yai lililokaa sana huelea, katika maji yasiyo na chumvi." Ni kweli. Yai likikaa, maji ya ndani hupungua na hewa huingia kupitia vitundu vya ganda. Linakuwa jepesi. Wanawake walijua jambo hili jikoni bila kuambiwa na mtu.

KAZI YA 4: KICHWA CHA SAMAKI

Ukifika Feri asubuhi, utasikia mnada, utaona changu, nguru, jodari, vibua, ngisi na pweza. Kabla ya kununua, mpeni mjukuu kazi ya ukaguzi. Atazame vitu vinne:

Macho: yawe maangavu na yamejaa, si yaliyozama na kufifia.

Matamvua, ambayo wengine huita mashavu: yawe mekundu, si kahawia.

Nyama: ukibonyeza kwa kidole irudi, isibaki shimo.

Harufu: iwe ya bahari, isiwe ya uvundo.

Mkifika nyumbani, wakati wa kupaa samaki, kateni tamvua moja. Litieni ndani ya bakuli la maji. Mtaona nyuzi zake zinachanua kama ua. Linyanyueni nje ya maji. Nyuzi zinagandamana kama nywele zilizolowa. Hapo mmejibu swali kubwa: kwa nini samaki hufa nchi kavu ilhali hewa imejaa? Samaki hupumua kwa kuyapitisha maji katika nyuzi hizo. Damu iliyomo ndiyo inayochukua hewa iliyoyeyuka majini, ndiyo maana ni nyekundu. Nje ya maji nyuzi zinashikana, haziwezi kufanya kazi.

Msomaji wa bara atasema: "Mbona kambale anakaa nje muda mrefu asife?" Umesema kweli. Kambale ana kiungo kingine juu ya matamvua, kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida. Na kamongo ana mapafu kabisa. Maji yakikauka hujichimbia topeni akangoja mvua. Mzee aliyewahi kumchimbua kamongo kiangazi ana somo zima la kumpa mjukuu.

Baada ya kula kichwa, msitupe mifupa upesi. Pasueni fuvu taratibu, mtafute vijiwe viwili vyeupe, kimoja kila upande. Hivyo ni vijiwe vya masikio. Vinamsaidia samaki kusikia na kujua kama yuko wima au amelala. Vinakua pamoja naye, tabaka juu ya tabaka, kama shina la mti. Wataalamu wa uvuvi huvikata, wakahesabu matabaka, wakajua umri wa samaki. Sato na sangara nao wanavyo. Hifadhini vijiwe hivyo ndani ya daftari, mwandike jina la samaki na tarehe.

Onyo moja tu. Mtoto akiokota samaki pwani anayevimba kama mpira, asimlete jikoni. Huyo ni bunju. Ana sumu inayoua, na kupika hakuondoi sumu hiyo.

ELIMU ILIYOOKOA WATU

Sasa tulipe deni tuliloahidi.

Tarehe 26 Desemba 2004, ardhi ilitetemeka kwa nguvu chini ya bahari karibu na Sumatra, nchini Indonesia. Bahari ikasukumwa, likatokea wimbi linaloitwa tsunami. Katika nchi nyingi za Bahari ya Hindi walikufa watu zaidi ya 200,000. Wimbi hilo lilivuka bahari yote likafika kwetu mchana wa siku ile ile, likiwa limepungua nguvu. Hata hivyo pwani ya Dar es Salaam walikufa watu wapatao 10, wengi wao vijana na watoto waliokuwa wakiogelea. Maji yalipwa na kujaa kwa ghafula, nje ya saa zake.

Lakini sikilizeni habari mbili nyingine za siku hiyo.

Ya kwanza ni ya kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na pale ardhi ilipotetemeka. Mwaka 1907 wimbi kama hilo liliwahi kuua watu wengi kisiwani humo. Waliosalia wakawasimulia watoto wao. Watoto wakawasimulia wajukuu. Wimbi wakaliita "smong". Fundisho lilikuwa fupi: ardhi ikitetemeka sana na bahari ikirudi nyuma, kimbieni mlimani, msingoje. Miaka 97 ikapita. Mwaka 2004 ardhi ilipotetemeka, watu wa Simeulue walikimbia mlimani bila kungoja tangazo la redio. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa ni 7 tu. Waliokoa ni mababu na mabibi, tena wengi wao walikwisha kufa zamani.

Ya pili ni ya mtoto wa miaka 10 kutoka Uingereza, Tilly Smith. Alikuwa na wazazi wake ufukweni huko Phuket, nchini Thailand. Aliona maji yanatoa povu na kwenda kwa namna isiyo ya kawaida. Wiki mbili tu kabla ya hapo mwalimu wake wa jiografia alikuwa amefundisha habari za tsunami. Mtoto akapiga kelele mpaka wazazi wakamsikiliza. Watu karibu 100 wakaondolewa ufukweni, na hapo hakufa hata mmoja.

Mmeona? Kule Simeulue elimu ilitoka kwa wazee kwenda kwa watoto. Kule Phuket ilitoka kwa mtoto kwenda kwa wakubwa. Njia zote mbili ziliokoa. Lakini katika nyumba ambayo mzee hasemi na mtoto hasikilizwi, njia zote mbili zimezibwa.

Sasa rudini kwenye lile daftari la Kazi ya 1. Mtu anayejua maji ya leo yanatakiwa kupwa saa 4 asubuhi, akiyaona yanakimbia saa 7 mchana, anashtuka. Asiyejua saa za maji haoni ajabu yoyote. Pengine atawakimbilia samaki waliobaki mchangani! Wafundisheni wajukuu: ardhi ikitetemeka sana, au bahari ikirudi nyuma nje ya saa zake, kimbieni mahali pa juu, msirudi mpaka mtangaziwe. Sikilizeni pia matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Hata bila tsunami, saa za maji zinaokoa. Watu huenda mbali kwenye miamba maji yakipwa, wakizama katika kuokota. Maji yakianza kurudi, hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yao. Mtoto anayejua saa ya kugeuka atamwambia mwenzake: "Turudi, maji yanakuja." Maneno hayo machache yanatosha.

ANZENI WIKI HII

Ndugu msomaji, usingoje kuwa na elimu nyingi. Wiki hii nunua daftari moja. Jaladani andika majina mawili, lako na la mjukuu wako. Ukurasa wa kwanza andika tarehe na umbo la mwezi wa leo. Asiyeweza kuandika haraka, mjukuu amsaidie. Asiyejua maana ya kitu, mzee amweleze. Daftari likijaa, lipelekeni kikundini na shuleni, wengine walisome. Mzee akiondoka na anayoyajua kichwani, yamekwenda. Akiyaacha daftarini, yamebaki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Maji ya bamvua huja mwezi ukiwa katika umbo gani? Kwa nini?

2. Katika kijiji chetu, kivuli cha adhuhuri mwezi huu kinaelekea upande gani? Nani atapima?

3. Kwa nini maji ya mvua hayana chumvi?

4. Tamvua la samaki linafanyaje ndani ya maji? Nje ya maji je?

5. Wazee wa hapa wanajua dalili gani za hatari, kama vile mafuriko, ukame au radi, ambazo watoto wetu hawajaambiwa? Kila mmoja ataje moja, na katibu wa kikundi aziandike zote.